Mafuta ya gari la mbio za dragi kwa aliyeko Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wiki gereji, kwenye makundi ya simu, na pembeni ya njia siku ya mashindano. Wanaouliza wengi wana Mark II au Chaser yenye injini ya 1JZ, Altezza, au Subaru Impreza. Wachache wana gari lililovuliwa viti na kujengwa kwa ajili ya mbio za mstari ulionyooka za mita 201 au mita 402 tu. Majibu yanamlenga aliyeko Tabora, na wa Kigoma atakuta yake humo humo. Tangulizeni jambo moja: kabla hujauliza mafuta gani yana oktani kubwa kuliko yote, uliza ni yapi utakayoyapata tena mwezi ujao yakiwa yaleyale. Gari husetiwa kwa mafuta fulani. Mafuta yakibadilika, seti ile haina maana tena.

Oktani ikiwa kubwa, gari linaongezeka nguvu?

Peke yake, hapana. Oktani hupima uvumilivu wa petroli, yaani inastahimili mgandamizo na joto kiasi gani kabla haijajilipukia yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Mlipuko huo ndio tunaouita injini kugonga. Kipimo kimejengwa juu ya vimiminika viwili: iso-oktani imepewa 100, heptani imepewa 0. Petroli ya 95 hugonga sawasawa na mchanganyiko wa iso-oktani sehemu 95 na heptani sehemu 5 ndani ya injini ya majaribio. Basi. Hakuna nguvu iliyofichwa ndani ya namba hiyo.

Nguvu hutoka kwenye hewa unayoingiza, mgandamizo ulionao, na taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Oktani hukupa nafasi ya kuongeza hivyo vitatu bila injini kugonga. Kama gari lako halina tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini), lina mgandamizo wa 9 au 10 kwa 1, na limeshafikia taimingi yake bora kwa petroli ya kawaida bila kugonga, mafuta ya mbio ya bei ya mara kumi hayatakupa kitu. Kuna watu wamejaza dumu zima kwenye gari la namna hiyo wakaapa wamelisikia likivuta zaidi. Saa ya mashindano haikuwaunga mkono.

Mbona dumu moja limeandikwa 105, jingine 109, jingine 117? Lipi kubwa?

Inategemea namba ipi imeandikwa. Kuna vipimo viwili na wastani wake. RON hupimwa injini ya majaribio ikizunguka mara 600 kwa dakika, katika mazingira mepesi. MON hupimwa kwa mizunguko 900, mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa umepashwa hadi nyuzi 149 za Selsiasi, kwa hiyo huwa namba ndogo na inakaribia zaidi mateso ya mbio. Marekani huandika wastani wa hizo mbili kwenye pampu zao. Japani na Ulaya huandika RON.

Chukua MS109 ya kampuni ya VP, mafuta ya mbio yasiyo na risasi. RON yake ni 109, MON ni 101, wastani ni 105. Kimiminika ni kimoja, na kila muuzaji atachagua namba impendezayo. VP C16, yenye risasi, husifika kwa 117, lakini hiyo ni MON. Ukiweka 109 ya RON kando ya 117 ya MON ukasema tofauti ni 8, umejidanganya: kwa MON tofauti ni 16. Kwa gari lenye tabo, uliza MON. Muuzaji asipoijua, omba karatasi ya vipimo ya mtengenezaji.

Petroli ya sheli zetu haitoshi?

Kwa wengi inatosha, ila ujue gari lako lilizaliwa kwa mafuta gani. Japani wana petroli za aina mbili: ya kawaida, ambayo kiwango chao kinataka RON isipungue 89, na ile wanayoiita haioku, ambayo isipungue 96 na mara nyingi huuzwa ikiwa karibu na 100. Injini za Kijapani zenye nguvu zilisetiwa kiwandani kwa haioku. 1JZ-GTE ya zamani ina mgandamizo wa 8.5 kwa 1 na tabo juu yake. Altezza ya gia za mkono yenye 3S-GE haina tabo, lakini mgandamizo wake ni 11.5. Zote mbili zinataka haioku kabla hata hujagusa kitu.

Kwa hiyo gari likifika hapa na kunywa petroli ya oktani ndogo kuliko hiyo, kompyuta yake husikia injini ikigonga na kurudisha taimingi nyuma kimyakimya. Ukipandisha busti, yaani presha ya hewa ya tabo, juu ya hapo, unamwongezea mzigo aliyekwisha elemewa. Subaru za EJ20 ndizo husamehe kidogo kuliko zote: kuta za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, na kosa hilo hulipwa kwa kufungua injini nzima. 1JZ huvumilia zaidi. Usitumie uvumilivu wake kama ushahidi kwamba petroli ni nzuri.

Na uchakachuaji je?

Huu ndio ugonjwa wenyewe wa mikoani. Serikali ilianza kuweka vinasaba (alama ya kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Hali ilibadilika sana, lakini mwenye gari la mbio hawezi kuridhika na "imebadilika sana". Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na kiasi kidogo tu kwenye tenki huangusha kiwango cha petroli yote.

Nunua haidromita ya mafuta, yaani kipimo cha uzito wa kimiminika, na silinda ya kioo. Uzito wa petroli hukaa kati ya kilo 0.72 na 0.775 kwa lita, kwa nyuzi 15. Ya taa ni kama 0.80. Joto huipunguza takribani 0.009 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo petroli ya 0.745 itasoma kama 0.732 ukiipima kwenye nyuzi 30. Pima kila unaponunua na uandike kwenye daftari: sheli, tarehe, joto, namba. Kitu unachotafuta ni mabadiliko kati ya leo na siku zote, maana namba moja peke yake haisemi mengi. Kipimo cha haraka zaidi ni kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha alama ya mafuta, iliyochanganywa na taa huacha doa.

Chagua sheli yenye magari mengi, mafuta yake hayalali. Nunua ya mashindano yote kwa mara moja, kutoka pampu moja.

Tabora tuko juu. Inabadili nini?

Inabadili sana, na wanaoseti magari Dar es Salaam mara nyingi hawaliulizi swali hili.

Mji wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama 87% ya ule wa pwani. Kigoma mjini, ufukweni mwa ziwa, ni kama mita 775, hivyo ni takribani 91%. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho: Altezza inayotoa farasi 200 Dar inabaki na kama 175 hapa. Kuna nafuu ndogo ndani yake. Silinda ikijaa hewa kidogo, mgandamizo wa mwisho hupungua na injini haigongi kwa urahisi. Ndiyo maana gari lisilo na tabo linaweza kuvumilia Tabora petroli ambayo lingeikataa Dar.

Lenye tabo ni hadithi nyingine. Geji ikisoma busti ya bar 1 Dar, ndani ya manifoldi, njia ya hewa kuingia injini, kuna bar 2 kamili. Geji ileile ikisoma bar 1 Tabora, ndani kuna bar 1.88 hivi. Ukitaka kufikia 2 lazima upandishe geji hadi karibu 1.13, na tabo sasa linazidisha hewa mara 2.3 badala ya mara 2. Hewa hiyo hutoka ikiwa moto zaidi, na joto ndilo linaloleta kugonga. Ongeza Oktoba yetu, kabla mvua hazijaanza, hewa ikiwa nyuzi 32 kivulini na lami ikiwaka. Mwenye tabo asitegemee nafuu ya mwinuko. Aweke intakula nzuri, ile ya kupoza hewa ya tabo, kwanza, kisha aongee habari za mafuta.

Hatari kubwa iko safarini. Gari lisilo na tabo lililosetiwa Tabora hadi ukingo wa kugonga, likishushwa Dar kwenye mashindano, linakutana na hewa nzito zaidi kwa taimingi ileile. Kama mizani ya mafuta haijirekebishi kwa mgandamizo wa hewa, litakwenda likiwa kavu, yaani mafuta machache kwa hewa nyingi, na litagonga. Ukishuka, rudisha taimingi nyuzi mbili au tatu, au nenda na mafuta ya oktani ya juu zaidi, kisha panda taratibu ukisoma plagi.

Mbio moja inakula mafuta kiasi gani? Ninunue pipa?

Usinunue pipa. Tupige hesabu. Injini ya silinda 6 yenye tabo, farasi 400, ikikanyagwa mwisho hula kama kilo 109 za petroli kwa saa, yaani lita 146. Mita 402 ikikuchukua sekunde 12, umeunguza nusu lita. Weka kuchoma tairi, kupanga foleni na kurudi, iwe lita mbili au tatu kwa kila mbio. Dumu moja la lita 20 linamaliza siku ya mashindano kwa magari mengi ya hapa.

Hesabu hii huwashangaza watu. Mafuta yanayoonekana ghali kwa lita si ghali kwa mbio, na gharama ya kweli iko kwenye kuyafikisha.

Oktani busta za kwenye chupa zinafaa?

Kidogo sana. Chupa ikiandika inaongeza pointi 5, mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hiyo umepata nusu oktani kwa tenki. Nyingi zina MMT, kiongezi chenye manganisi, ambacho huacha rangi ya chungwa kwenye plagi na kumharibia fundi usomaji wake.

Na tina ya rangi? Nimesikia ina tolwini.

Tolwini (toluene), kiyeyusho, yenyewe ni mafuta mazuri ya mbio. RON yake ni takribani 120. Ukichanganya lita 40 za petroli ya 95 na lita 10 za tolwini, kwa hesabu ya kukadiria unapata (40 × 95 + 10 × 120) ÷ 50, yaani 100. Hiyo ni hatua kubwa kwa bei ndogo, na fundi mwenye adabu anaweza kuitumia hadi 20% hivi.

Shida ni tina ya dukani. Kopo la tina si tolwini tupu: lina asetoni, alikoholi na viyeyusho vingine ambavyo mtengenezaji hana haja ya kukutajia, na vinakula mipira ya mafuta. Kopo la mwezi huu si lazima liwe kama la mwezi ujao. Ukitaka tolwini, inunue kwa jina lake kutoka kwa muuzaji wa kemikali aliyesajiliwa, mwenye karatasi ya vipimo. Vaa glavu, changanya nje, usivute mvuke wake. Na ujue ni nzito kuliko petroli, 0.867, kwa hiyo haidromita yako itapanda bila uchakachuaji wowote.

Mafuta ya ndege? Uwanja wa ndege upo.

Ndege za abiria unazoziona zikitua Tabora na Kigoma, ziwe za pangaboi au za jeti, hutumia Jet A-1. Hiyo ni ndugu wa mafuta ya taa. Usiiweke, hata ukipewa bure.

Yanayozungumzwa kwenye mbio ni avigasi 100LL, ya rangi ya buluu, kwa ndege ndogo za pistoni. MON yake haipungui 99.6, nayo ina risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Ni mafuta thabiti, yanatunzika, na oktani haibahatishwi. Lakini yalitengenezwa kwa injini kubwa zinazozunguka polepole, na ni mepesi kuliko petroli nyingi za mbio, hivyo lazima useti upya la sivyo gari linakwenda kavu. Anayeyapata kihalali na kuyatumia kwa kuchanganya hajakosea. Anayeyanunua kwa mlango wa nyuma hajui yamekaa kwenye nini.

Risasi si ilipigwa marufuku?

Barabarani, ndiyo. Thomas Midgley wa General Motors aligundua mwaka 1921 kwamba risasi huzuia injini kugonga, na dunia ikaivuta pumzi hiyo kwa miaka mingi. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Ilibaki kwenye ndege ndogo na kwenye mafuta ya mashindano.

Inafanya kazi, hakuna ubishi. Ila inaua sensa ya oksijeni na katalisti ya ekzosi, na huingia mwilini kupitia ngozi. Mafundi wetu wana tabia ya kunawa mikono kwa petroli baada ya kazi. Kwa mafuta yenye risasi, tabia hiyo ife. Kwa gari ambalo pia linapeleka watoto shule, chagua yasiyo na risasi.

Ethanoli: hapa kuna miwa nchini, kwa nini tusitumie?

Hapa ndipo ningetumia muda wangu kama ningekuwa na gari la tabo na bajeti ya kawaida. RON ya ethanoli ni karibu 109, na inapogeuka mvuke inanyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli, kwa hiyo inaipoza hewa inayoingia. Kwa Oktoba ya Tabora hiyo ni zawadi. Inatengenezwa nchini kutokana na molasi, Kilombero kwa mfano, na huuzwa pia kwa ajili ya majiko.

Bei yake ni wingi. Petroli huungua kikamilifu kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, ethanoli kwa 9. E85, ambayo ni ethanoli 85% na petroli 15%, hudai mafuta zaidi kwa takribani 35%. Turudi kwenye injini yetu ya farasi 400. Kwa petroli kila nozeli kati ya sita inahitaji kama sisi (cc, yaani mililita) 480 kwa dakika, ukiacha nafasi ya 15%. Kwa E85 ni sisi 645. Nozeli za kiwandani za 1JZ, karibu 380, hazifiki hata kwenye petroli. Pampu ya mafuta inayodaiwa lita 197 kwa saa kwenye E85 lazima ipimwe kwa presha utakayoitumia, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi huwa ni ya presha ndogo. Hakikisha pia mipira na gasketi zinavumilia alikoholi.

Halafu maji. Ethanoli huyavuta kutoka hewani, na ile ya kunereka kwa kawaida haivuki 95.6% kwa uzito. Ikitumiwa peke yake haina neno, Brazili magari yanaendeshwa kwa ethanoli yenye maji tangu zamani. Ukiichanganya kiasi kidogo kwenye petroli nyingi, maji hujitenga yakakaa chini ya tenki, pale pampu inaponyonya. Kwa kuchanganya, dai isiyo na maji, 99% na zaidi. Ethanoli ya majiko iliyogandishwa kuwa kama uji usiiguse kabisa.

Kuna kipimo rahisi cha kujua petroli ina ethanoli kiasi gani. Weka mililita 10 za maji kwenye silinda ya mililita 100, jaza mafuta hadi 100, tikisa, acha itulie. Ethanoli hushuka na maji. Tabaka la chini likisoma 19 badala ya 10, mafuta yale yana takribani 10% ya ethanoli.

Sensa yangu ya uwiano wa hewa na mafuta inasoma 11.8 kwenye E85. Gari ni kavu au limelowa?

Sensa nyingi huonyesha namba kwa mizani ya petroli hata ukiwa na mafuta mengine. 11.8 hapo ni lamda 0.80 (lamda 1 ni hewa na mafuta vikitoshana kamili, chini ya 1 mafuta yamezidi), mahali pazuri kwa tabo. Geuza geji isome lamda, uachane na mkanganyiko.

Methanoli je? Nasikia haigongi kabisa.

Hugonga, ila kwa shida sana. Hupoza hewa kuliko zote, kiasi kwamba baadhi ya magari ya mashindano yanayoitumia hayana intakula. Inataka hewa kilo 6.4 tu kwa kilo, yaani mafuta mara mbili na zaidi ya petroli. Injini ileile ya farasi 400 itadai nozeli za sisi 1,050 na pampu ya lita 320 kwa saa.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Hula alumini, kwa hiyo baada ya mbio unasafisha mfumo kwa petroli, na oili ikigeuka rangi ya maziwa unaimwaga. Moto wake hauonekani mchana: mtu anaweza kuwa anaungua na wenzake wanashangaa anacheza nini. Weka ndoo na mapipa ya maji karibu, maana maji mengi huuzima moto wa methanoli, na mtungi wa unga. Kwa petroli, maji hapana.

Na sumu. Mililita 30 zinaweza kuua, chini ya hapo zinaweza kupofusha, na dalili huchelewa saa nyingi, mtu akidhani ni hangova. Nchi hii imekwisha zika watu kwa pombe za kienyeji zenye methanoli. Inanukia kama spiriti na haina rangi. Usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika tano, usiiache gereji ambamo vijana wanalala. Aliyemeza apelekwe hospitali palepale, na waelezwe ni methanoli. Kuimiliki kunasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003, kwa hiyo anza na kibali.

Ushauri wangu kwa gari la mtaani lenye farasi chini ya 600: achana nayo.

Nitromethani, ile ya Marekani?

Haituhusu. Magari ya Top Fuel huchanganya 90% nitromethani na 10% methanoli, hutoa farasi kama 11,000, na humaliza lita 45 au zaidi kwa mbio moja. Nitromethani huungua kwa kilo 1.7 tu za hewa kwa kilo. Injini isiyojengwa kwa ajili yake itafunguka yenyewe.

Na NOS ni mafuta?

Si mafuta. Naitrasi ni gesi inayobeba oksijeni, kama 36% kwa uzito. Ukiiweka, mafuta lazima yaongezeke na taimingi irudi. Oktani inayohitajika hupanda.

Nifikishe vipi mafuta ya mbio Tabora?

Kwa lori la mizigo au gari lako mwenyewe, kwenye pipa au dumu la chuma lililofungwa kiwandani. Petroli ni bidhaa hatarishi ya daraja la 3, namba UN 1203. Methanoli ni UN 1230. Namba hizo ziwe kwenye chombo. Basi la abiria hapana, hata kondakta akikubali, hata dumu likiwa dogo. Chini ya viti vile kuna watu sitini.

Kwa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar, agizeni kwa pamoja watu watano sita mara moja kwa msimu. Mtagawana gharama, na muhimu zaidi, wote mtakuwa na mafuta ya kundi moja.

Yanakaa muda gani?

Yaliyofungwa, mahali pa giza na ubaridi, hukaa zaidi ya mwaka. Ukishafungua, hesabu miezi michache. Kinachotoroka kwanza ni sehemu nyepesi zinazosaidia kuwaka na kuchangamka. Mwanga huharibu yenye risasi, kwa hiyo madumu meupe yanayopitisha mwanga hayafai. Dumu la nusu lihamishie kwenye dogo lijae. Paa la bati la gereji mwezi wa tisa ni tanuri, tafuta chumba kingine. Unapojaza, dumu likae chini ardhini, lisikae juu ya pikapu yenye plastiki, maana umeme tuli hauonekani mpaka uwake.

Nitajuaje nimechagua vibaya?

Toa plagi mara baada ya mbio, ukizima injini mwisho wa njia bila kulivuta gari taratibu hadi gereji. Vidoti vyeusi kama pilipili manga kwenye kauri nyeupe ni dalili injini imeanza kugonga. Vidoti vinavyometa ni alumini, yaani pistoni yako inahamia kwenye plagi. Simamisha siku hapo hapo. Gari lisipoonyesha dalili yoyote, na ukiongeza taimingi kasi ya mwisho wa njia haipandi, umefika. Mafuta ya oktani kubwa zaidi hayatakupeleka mbali kuliko hapo.

Mimi nina Mark II ya 1JZ, busti bar 1, bajeti ndogo. Niweke nini?

Petroli ya sheli moja unayoiamini, uliyopima, na tolwini halisi 15%, taimingi ya wastani. Ukifikia farasi 400, nozeli na pampu ziwe za ethanoli. Mafuta ya mbio ya kuagizwa yawe ya mwisho, kwa yule ambaye kila kitu kingine kimeshakaa sawa. Wengi huanza na hayo kwa sababu dumu lake linapendeza kwenye picha.

Naweza kufanyia mazoezi barabara ya Nzega usiku?

Hapana. Ng'ombe, baiskeli na malori yasiyo na taa viko pale pale. Mashindano halali hufungiwa njia kwa kibali cha polisi, na yana gari la wagonjwa. Automobile Association of Tanzania ndiyo mwanachama wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari, nchini, waandaaji waanzie huko.

Yaliyobaki niyaweke kwenye bodaboda?

Yasiyo na risasi, changanya kidogo kidogo na petroli ya kawaida, hayana shida. Yenye risasi yabaki kwenye chombo chake hadi mbio nyingine. Methanoli iliyobaki usiiweke kwenye bodaboda, wala usiimwage mtaroni.